Mipini Miwili ya Birindwa

Birindwa alikuwa mutu wa kuanzisha mbio. Kila Jumamosi, sisi tunasema Samedi, kwenye kiwanja cha masomo kule Katoyi, alisimama pembeni ya musitari, akainua bastola ndogo juu, akapiga, na watoto wakakimbia. Bastola haikuwa na risasi za kuua. Ilikuwa na kartushi za kelele: baruti kidogo, moshi, sauti, basi. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane.

Hapa Goma, mutu anayepiga bastola katikati ya watu lazima awe na adabu. Mbele ya mbio ya kwanza Birindwa alizunguka nyumba zote za karibu na megafoni: "Ba mama, ba papa, ni michezo! Ni miye Birindwa! Musilale chini, musikimbie, mupike tu!" Watu walimujua. Siku moja aliugua, wakaweka mutu mwengine, na huyo hakuzunguka. Alipopiga mara ya kwanza, mutaa wote ulilala chini, na mama mumoja akamwaga sombe, mboga yake yote. Birindwa alipopona alienda kuomba musamaha nyumba kwa nyumba, kwa kosa ambalo si lake.

Nilimuuliza kwa nini asipige filimbi tu. Akasema wale wanaokamata saa wako mbali, kule mwisho wa mbio. Hawangoji sauti, maana sauti inachelewa njiani. Wanatazama moshi. Filimbi haina moshi.

Mimi ninachonga mipini. Ya jembe, ya shoka, ya nyundo, ya kushikia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nilitoka upande wa Butembo nikiwa kijana, nikapata nyumba Ndosho, nikabaki. Masomo sikuingia. Herufi nilifundishwa na bibi yangu Émérance wakati tulikuwa na watoto tayari. Aliniandikia na kala, kaa la jiko, kwenye ubao niliokuwa ninachonga, na mimi nikachonga juu ya herufi zake. Alikufa mwezi wa kwanza, mwaka wa pili kisha volkano kulipuka. Haya ya Birindwa yalipita mwezi wa sita wa mwaka ule.

Miezi ile katikati sikuchonga kitu. Watu walileta majembe, nikasema kesho. Wakaacha kuleta.

Kazi yetu tulikuwa tunaifanya wawili. Mutu akitaka mupini wake mwenyewe, si ule wa soko, Émérance alipika bugali ngumu, akaiacha ipoe, akamupa donge alikamate kwa nguvu kama anakamata jembe. Alama ya vidole inabaki. Tunaliacha donge lilale usiku mumoja, linakauka ngozi, na mimi ninachonga kwa kufuata ile alama. Baba yangu alifanya hivyo hivyo. Watu walikuwa wanacheka: "Mama Émérance, hii ni ya kula ao ya kukamata?" Naye: "Kamata kwanza. Ukishindwa kulima, utakuja kuikula." Nikimaliza kuchonga, alifunga macho, akaushika mupini, akaniambia panapouma. Kila mara palikuwa mahali panauma. Nilikuwa ninakasirika, kisha ninapunguza.

Birindwa alikuja siku ya Jumanne, na kopo la maziwa ya unga chini ya kwapa.

"Asinge, muzee Paulin!"

Birindwa ni Mushi wa Kabare, na hiyo ni salamu ya kwao. Alikuwa mwandishi kwenye ofisi ya masomo mpaka alipozeeka.

"Wavukire," nikamujibu kwa kwetu.

"Ninyi Banande, hata salamu munaisema kama munauza."

"Na ninyi Bashi munaisema kama munaomba."

Akacheka, akakaa. Alitazama gogo langu la kuchongea. Lilikuwa na vumbi, na kuku wa jirani alikuwa ametaga pembeni yake. Akafungua kopo.

Ndani mulikuwa bastola mbili ndogo, karatasi ya ruhusa yenye mihuri mitatu, na vidude viwili vya duara. Bastola mbili, maana ya kwanza inaanzisha, na ya pili inaita watoto warudi kama mumoja ametoka mbele ya sauti. Akanionyesha namna zinavyofunguka: unasukuma kitufe, na tumbo lake la matundu sita linatoka upande wa kushoto. Matundu sita, kartushi sita. Zinaingizwa moja moja, na kila mbio ligi inataka sita mpya.

"Tazama sasa," akasema.

Akajaribu kuokota kartushi moja kutoka kwenye kitambaa. Vidole vyake viwili vya mukono wa kuume havikunji tena. Ni baridi ya mifupa, imemushika miaka mitatu. Ile kartushi ikamuponyoka. Akaiokota, ikamuponyoka tena. Nilitaka kumusaidia, nikaona uso wake, nikaacha.

"Sasa nikuambie haya yangu," akasema. "Ile Samedi imepita. Mbio ya mita mia ine, ya bamwana bamuke. Kuko mumoja, Ange, mutoto ya hapa Katoyi, anakimbia kama bamemukopesha miguu na wanaitaka leo. Mwengine akatoka mbele ya sauti. Mimi nikainua ya pili, nibaite barudi. Ikalia tik. Tik, Paulin! Ilikuwa tupu. Sikukuwa na wakati ya kuijaza. Bakakimbia muzunguko yote. Ange akatangulia, mbali kabisa. Kisha bakasema hapana, haihesabiwi, barudilie."

"Na akarudilia?"

"Akarudilia, amechoka. Akakuwa wa ine. Akakaa kwenye mawe, akakatala kuvua viatu."

Akazikusanya kartushi kwenye kitambaa.

"Fortunat njo akanifikia. Yule sekretere ya ligi. Akasema: 'Papa Birindwa, sisi tunakuheshimu.'"

"Ni vibaya," nikasema.

"Ni vibaya kabisa. Mutu akianza na tunakuheshimu, weye tafuta kofia yako. Amenipa mpaka siku ya finali, si hii Samedi, haina mbio, ile ingine. Bastola zote mbili zikuwe zimejaa mbele ya kila mbio. Nikishindwa hata mara moja, atanipa kiti. Kiti ya wageni, chini ya hema, na soda. Na bastola zitaenda kwa mwengine."

Vile vidude vya duara alitumiwa na mutoto wa dada yake kutoka Bujumbura. Aliviita vijazio, na mimi nikaviita hivyo. Kijazio ni kama kifuniko cha chupa kubwa. Kinakamata kartushi sita kwa kitako, zote pamoja. Unakileta nyuma ya tumbo la bastola, vichwa sita vinaingia matundu sita, unazungusha kile kichwa chake, zinaachia, zinaanguka ndani. Mara moja tu. Mutu mwenye vidole viwili vilivyokufa anaweza.

Lakini havikupita. Matumbo ya bastola zile yalikuwa ndugu, mipini haikuwa ndugu. Ya kwanza ilikuwa na mupini mwembamba wa plastiki, umepasuka, akaufunga na mupira wa kinga, wa baiskeli. Kijazio kinagonga kwenye mupira. Ya pili ilikuwa na mupini munene wa kaucho, mupira mugumu. Kijazio kinagonga zaidi. Ukiufungua ule mupira wa kinga, kijazio kinapita, lakini plastiki inauma kiganja na bastola inateleza.

"Ninataka mipini miwili sawasawa," Birindwa akasema. "Nikamate bila kutazama, nijaze bila kutazama. Macho yangu iko kwa batoto."

Nikamwambia sifanyi kazi siku hizi.

Hakubisha. Akauliza kama niko na bugali. Niliyo nayo ilikuwa ya jana, yangu mwenyewe, kwenye sahani, imefunikwa na sahani ingine. Akaingiza mukono wa kuume, akakamata. Ikatoka katikati ya vidole.

"Paulin, hii ni bugali ao ni uji?"

"Mupishi alikufa."

Akainamisha kichwa.

"Kamata tu," nikamwambia. "Kamata tena. Polepole."

Akakamata. Kisha akafungua visikurubu, akaniachia ile mipini ya zamani nipime mapana yake na matundu. Bastola zenyewe alirudi nazo. Alisema chuma na karatasi yenye mihuri havilali nyumba mbili.

Nilikuwa na kipande kimoja cha muti wa kahawa, kutoka kwenye shamba la baba yangu kule Kyondo. Kahawa ni muti mudogo lakini ni mugumu, na ukikauka miaka mingi unang'aa bila mafuta. Nilifagia lile gogo. Nikamurudishia jirani yai. Nikachonga siku tatu. Mupini wa bastola ni vipande viwili, kimoja kila upande, vinabana chuma katikati. Kwa bastola mbili, vipande vine. Nilifuata ile alama ya bugali. Nilinenepesha pale kiganja kinapotaka, nikaacha bonde kidogo kwa kila kidole. Havikuwa vibaya. Nilivigeuza geuza mezani na hapakuwa mutu wa kufunga macho.

Ijumaa nikavipeleka Katoyi.

Birindwa alikuwa amekaa kwenye kiti, na bibi yake, Mama Nshobole, amekaa kwenye kigoda chini yake. Alikuwa amepasha mawese kidogo, anakanda vile vidole viwili, kimoja kisha kingine, huku anamusemesha juu ya bei ya maharagi. Hata hakuwa anatazama anachofanya. Nilisimama kwenye mulango muda murefu kuliko inavyofaa.

"Ingia, papa Paulin," Mama Nshobole akasema. "Huyu muzee anakungojea kama bibi harusi."

Tukafunga vile vipande. Birindwa akaikamata bastola ya kwanza, akaikamata ya pili. Akafunga mukono, akafungua.

"Eh! Eh, Nshobole, tazama! Kama ilizaliwa na mukono yangu!"

Akaweka kartushi kwenye kijazio, akafungua tumbo la bastola, akakileta nyuma. Tok. Kimegonga muti. Akakiinamisha. Tatu zikaingia, tatu zikabaki inje. Akazungusha kichwa, na zile tatu zikaanguka chini, moja ikaingia chini ya kitanda.

Akajaribu ya pili. Tok.

Mama Nshobole akapiga magoti kutafuta ile ya chini ya kitanda.

"Paulin," Birindwa akasema, "umenichongea jembe."

"Mupini ni wa mukono. Mukono ulisema ndiyo."

"Mukono gani?"

"Mukono wako! Wa kuume. Ule uliniwekea kwenye bugali."

"Na wakati ninajaza, mukono ya kuume iko wapi? Tazama! Iko na kijazio. Bastola iko kwa mukono ya kushoto. Mudomo yake inaangalia chini. Nani anaushika mupini? Hakuna mutu! Hapo mupini ni kizuizi tu."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Maisha yangu yote nimechonga vitu ambavyo mukono unavikamata na hauviachi mpaka kazi inaisha. Jembe, shoka, chukudu. Sikujua kitu ambacho kinakamatwa, kinaachwa, kinapitwa pembeni, kinakamatwa tena. Ile sehemu nene niliyoipenda, upande wa kushoto, juu, pale kiganja kinapojaza, ndiyo ilikuwa imesimama katikati ya njia.

"Nitaipunguza," nikasema. Nikachukua vile vipande viwili vya kushoto, nikarudi Ndosho. Birindwa akasema kitu, sikungoja.

Kesho yake asubui nilipunguza kwa hasira. Nilikata pale nilipozania. Kisu kikafika kwenye tundu la sikurubu, na kipande kikapasuka kutoka tundu mpaka chini. Nilikaa nacho mukononi. Pale nje kulikuwa kelele za Samedi, watoto, mama za mboga, moto, zile pikipiki, zinapiga honi. Nikasema kwa sauti: "Umeona?" Hakuna aliyejibu, na mimi nilijua hakuna wa kujibu. Ni mudomo ulizoea.

Jumapili kisha misa nilirudi Katoyi. Nilimwomba Mama Nshobole apike bugali ngumu, ya muhogo nyingi. Ya kuvunja mwiko.

"Ya kukula?" akauliza.

"Ya kupaka kwenye bastola."

"Muzee, fundi yako amechoka kichwa," akamwambia bwana yake. Lakini akapika. Bugali yake ilikuwa nzuri. Ilisimama.

Nikaipaka upande wa kushoto wa bastola, pale pa kipande kilichokosekana, nene kama kidole gumba. Nikamwambia Birindwa: "Jaza." Akaleta kijazio, akakisukuma, na kikapita kwenye bugali, kikaingia. Akakitoa. Nyuma yake kulibaki njia, kama gari limepita kwenye tope. Bonde la mviringo, juu, karibu na chuma. Chini ya bonde bugali ilibaki nene.

"Sasa kamata na mukono wa kuume. Polepole."

Akakamata. Kiganja hakikutafuta unene kule juu. Kiliteremuka, kikaukuta kule chini, kikatulia. Kumbe kule juu mukono haukuwa unahitaji kitu. Ni mimi nilihitaji. Ile bugali yangu ya uji ilikuwa imeteremuka na kupanuka usiku kucha, na mimi nikachonga ule upanuko kama ni mukono wa mutu.

"Mara hii umeuliza njia mbele ya kujenga nyumba," Birindwa akasema.

"Nyamaza, usitikisike."

Tukafanya vile vile na bastola ya pili. Nikafunga ile bugali kwenye jani la ndizi, nikarudi nayo nimeikamata kama yai.

Kipande cha pili cha kushoto, kile ambacho sikukigusa kwa hasira, kilikubali. Nilikata bonde polepole na tupa, nikapima kila mara kwenye alama ya bugali. Karibu na tundu la sikurubu niliacha muti munene kama ukucha, haupungui zaidi. Kilikamilika Jumatatu.

Kile kilichopasuka ndicho kilihitaji muti mupya, na kahawa ilikuwa imeisha. Nilienda sokoni Ndosho. Kuna kalitusi tu, mbichi, inatoka maji. Mutu mumoja akaniambia kuna mbao Birere, nikapanda moto, nikakuta masanduku yaliyovunjwa. Muti mwepesi, unaingia ukucha. Muti mbichi ukiuchonga leo, Samedi umejikunja, na bonde limehama. Nilirudi kwa miguu.

Jumanne nilitafuta nyumbani. Nilichungulia chini ya kitanda, juu ya dari, nyuma ya chukudu ya zamani. Nyumba yangu ni ndogo na ninaijua. Nilikuwa ninatafuta mahali pote isipokuwa mahali pamoja.

Mwiko wa Émérance ulining'inia jikoni. Si ule mudogo wa kila siku. Ule mukubwa, wa sikukuu, wa kupikia watu makumi mawili. Niliuchonga mwaka tulipooana, kwa kahawa ile ile ya Kyondo, shina la muti muzee. Bapa lake lilikuwa pana kuliko kiganja changu na nene kama gumba. Tangu mwezi wa kwanza sikuwa nimeugusa. Ulipikia kilio chake mwenyewe. Mama wa jirani ndiye alisonga bugali nao.

Niliuteremusha, nikauweka mezani, nikaenda kulala. Jumatano niliamka, ulikuwa hapo. Nikatoka, nikarudi, ulikuwa hapo. Binti yangu Élodie akapiga simu kutoka Kampala, akauliza nimekula nini. Nikasema nimekula. Akauliza ninafanya nini. Nikasema ninatazama muti. Akasema, "Papa, ni vizuri, ufanye kazi." Mtandao ukakatika.

Mangaribi nikaukata. Msumeno ulipita kwa shida. Muti ulikuwa umekunywa bugali na mvuke miaka arobaini, na ndani yake ulikuwa rangi ya chai nzito. Nilichonga Alhamisi yote. Haukupasuka. Nitasema hivyo tu.

Ijumaa tulifunga vipande vyote. Birindwa akajaza ya kwanza. Akajaza ya pili. Hakuna tok. Akamwaga, akajaza tena, anatazama dirisha. Akamwaga, akajaza, amefunga macho.

"Hapa inauma," akasema.

"Wapi?"

"Hii ya pili. Kidole ya mwisho. Kuko kitu kama jino."

Nikakifungua kile kipande, nikakisugua pale mulangoni, nikamurudishia. Nilifurahi, sijui nieleze namna gani. Nilisugua zaidi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya finali mawingu yalikuwa meusi juu ya ziwa, na mchanga wa kiwanja, ule mweusi wa volkano, ulikuwa umeloa. Birindwa alizunguka nyumba na megafoni. "Musilale chini! Mupike tu!" Mutu mumoja akamujibu kutoka kwenye dirisha: "Na weye Birindwa, leo usilale chini!" Habari ya tik ilikuwa imewafikia wote.

Fortunat alikuja na simu yake mukononi. Kijana wa miaka arobaini hivi, shati jeupe, adabu nyingi. Chini ya hema niliona kiti kitupu, na soda mbele yake. Birindwa naye alikiona.

"Papa Birindwa, tuko na mbio kumi na ine," Fortunat akasema. "Kati ya moja na ingine, nikiinua mukono, ni kusema tayari. Sitangoja. Wageni wako, mvua iko."

"Inua," Birindwa akasema.

Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika kopo. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kartushi kwenye kijazio kimoja wakati yeye anatumia kingine. Mikono yangu haitetemeki.

Mbio ya kwanza ilitoka vizuri. Akafungua, akamwaga zile kartushi za zamani, akachukua kijazio, akakisukuma, akazungusha, akafunga. Fortunat alikuwa hajainua mukono bado. Ya pili vile vile. Mbio ya tano, vijana wa mita mia mbili, mumoja akatoka mbele ya sauti. Birindwa akainua bastola ya pili, ile yenye kipande cha mwiko, na ikapiga, mara mbili, nguvu. Vijana wakasimama, wakarudi, yule mukosaji anashika kichwa. Watu kwenye ukuta wakapiga makofi kama bao limeingia. Birindwa hakugeuka. Alikuwa anajaza.

Mbio ya tisa ilikuwa ya Ange. Mita mia ine. Nilimutambua kwa viatu vyake, alivifunga mara tatu. Aliitazama bastola, si musitari. Birindwa akaona anavyoitazama.

"Mwana yangu," akamwambia, "zote mbili zimejaa. Tazama mbele."

Akapiga. Wasichana wakaenda. Akafungua, akamwaga, akajaza, akafunga. Wasichana hawakuwa wamefika kona ya kwanza. Birindwa akasimama, bastola mbili zimejaa, mikono imelegea. Akanigeukia.

"Sasa nifanye nini?"

"Namna gani, ufanye nini?"

"Mikono. Haina kazi."

"Basi tazama mbio."

Hapo ndipo aliniambia. Miaka kumi na minane, kila mbio ikitoka alikuwa anainama kujaza kwa mbio inayofuata. Akiinua kichwa, watoto wamefika, wengine wamesimama kwenye musitari. Alijua washindi kwa kusikia megafoni. Alikuwa hajaona hata mara moja namna wanavyofika.

Akatazama. Alitembea hatua tatu mbele, shingo imenyooka. Ange alikuwa wa tatu kwenye kona, kisha wa pili. Pale mwisho alimukaribia yule wa kwanza mpaka bega kwa bega, lakini hakumupita. Akaanguka kwenye mchanga, akalala chali, anacheka ao analia, kutoka pale haikujulikana.

"Wa pili," nikasema.

"Wa pili." Akafuta macho na mukono wa shati. "Kumbe wanafika wamechoka hivi. Paulin! Kumbe wanafika wamechoka hivi!"

Fortunat alikuwa ameinua mukono. Birindwa akashituka, akarudi mbio mahali pake.

Mbio ya mwisho ilitoka chini ya mvua. Hakuna tik hata moja. Watu wakakimbilia hema, na Fortunat akaja amefunika simu yake na karatasi ya matokeo.

"Papa Birindwa," akasema, "kile kiti, tumempa mutu mwengine."

"Na soda?"

"Soda pia."

"Aa, soda mungeniachia," Birindwa akasema, akachukua kopo kwangu, akaweka bastola ndani.

Mama Nshobole alikuja na mwavuli. Aliangalia uso wa bwana yake, akamunyanganya kopo, akamushika mukono wa kuume, ule wa vidole viwili, akauingiza ndani ya kitambaa chake upate joto.

"Papa Paulin, kuya tukule," akaniambia. "Nilipika nyingi."

Nikasema kesho. Niliwatazama wakienda chini ya mwavuli mumoja, yeye anazungumza, anaonyesha na kichwa namna Ange alivyokaribia.

Nilirudi Ndosho kwa miguu. Mvua ilipungua. Nilikuwa na habari nzuri, na kila nilipokaribia nyumbani ilikuwa inakuwa nzito zaidi. Kwenye njia yetu, chini ya plastiki, kuna mama anauza makala ya kupikia. Ni mugeni, alikuja tu na wakimbizi, hatujuani jina. Nikasimama mbele yake.

"Birindwa amebaki," nikamwambia.

Akainua macho. "Birindwa gani, papa?"

"Yule wa mbio. Walitaka kumutoa. Amebaki."

Alinitazama kidogo. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kofia yangu.

"Aa," akasema. "Ni vizuri, papa. Ni vizuri sana. Unataka makala?"

Nikanunua. Nyumbani makala yalikuwa yangalipo, gunia nusu.